Ndoano na Nukta Tatu

Tarehe 9 Februari

Kwa Kidole, mke mwenzangu,

Salamu nyingi, hujambo? Sisi huku wazima, ila goti la kulia limegoma na la kushoto linataka kumfuata mwenzake. Mjomba wako ameezeka upya jiko, sasa mvua ikinyesha tunalowa upande mmoja tu. Kuku mweupe anataga chini ya kitanda changu. Nimemwachia, ndiye mpangaji pekee asiyenigombeza.

Barua yako imefika Jumanne, nikaipeleka kwa Kinyozi anisomee kama kawaida. Unaijua hali ya pale: mmoja kitini ana povu kidevuni, wanne kwenye benchi wanasubiri, na wote wametega masikio kama redio imefunguliwa. Kwa hiyo ujue kwamba taabu zako sasa ni za mtaa mzima. Ulitaka siri, ungetafuta bibi aliyesoma. Na usiniambie tena habari ya simu. Kwenye simu mtu anaongea kama anafukuzwa. Barua namrudishia Kinyozi aisome mara tatu, na akichoka namkumbusha nani alimfulia mashati ya harusi.

Nimeelewa hivi. Huu ndio mwaka wako wa mwisho. Mwisho wa Juni kila mwanafunzi anatundika kazi yake ukumbini watu waje kuitazama. Ukitundika takataka, unarudia mwaka, na chuo hakikupi kitanda tena. Na mpaka sasa mwalimu wako amekataa kazi mbili: maporomoko ya maji, na bibi kizee mwenye mtungi kichwani. Alipokuuliza huyo bibi ni nani, ukamjibu ni mimi.

Mimi! Tangu lini nimebeba mtungi? Mimi nimebeba beseni la nguo za watu miaka arobaini na miwili, na sikulibeba kichwani, nililibeba kiunoni, ndiyo maana nyonga hii imekaa upande. Mwalimu wako ana macho. Wewe ulimchora bibi wa kwenye kalenda. Fundi baiskeli aliyekuwa ananyolewa amesema uchore simba, kila mtu anapenda simba. Nimemwambia anyamaze asije akakatwa sikio.

Mimi sijui kuchora hata duara. Nguo ndizo ninazozijua. Ukiletewa nguo yenye doa usilolielewa, huanzi na sabuni. Unaigeuza. Unatazama ndani, kwenye pindo, kwenye kola, kwapani, na doa lenyewe linakuambia limetoka wapi. Basi geuza vitu vyako, Kidole. Hayo maporomoko hujawahi kwenda hata kunawa miguu.

Kula. Ukikonda nitajua hata kwa mwandiko.

Ni mimi niliyekulea na bado sijachoka,
Bi Povu

(Na mimi Kinyozi nakusalimu. Nimeandika alivyosema, hata pale nilipomwomba alainishe.)


Tarehe 2 Machi

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo Kinyozi, na salamu kwa benchi lote. Pole na magoti. Mimi nakula, naapa, jana nilikula mara mbili na nikaomba nyongeza. Mwambie mjomba hongera ya jiko.

Bibi, nimegeuza!

Niligeuza sanduku, viatu, begi, hata godoro. Mwenzangu wa chumbani alidhani nimepotelewa na hela. Sikuona kitu. Nikakata tamaa, nikafua shuka langu, nikalianika dirishani. Yeye ndiye aliyelishika kona akaniuliza, "Hivi nani amekuandikia kwenye shuka?"

Nikatazama. Ni ile alama uliyonishonea siku naondoka: kiduara, na kidole kimoja kimechomoza. Alama yangu. Nimelalia miaka mitatu, Bibi, sijawahi kuiona!

Nikalikunja likiwa bichi vilevile, nikakimbia nalo kwa mwalimu. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Akaniuliza hii ni nini. Nikamweleza kwamba bibi yangu alikuwa dobi, na kwamba kila mteja alikuwa na alama yake ya uzi ili nguo zisichanganyike. Akasema, "Haya ni maandishi." Nikamjibu kwamba bibi yangu hajui kuandika. Akanitazama hivi, akasema, "Anajua. Wewe ndiye hujui kusoma."

Bibi, sijalala vizuri tangu siku hiyo, na wala sitaki kulala. Naona kazi yote mbele yangu: mashuka tisa, yametundikwa kwenye kamba toka ukuta hadi ukuta, watu wapite katikati yake kama nilivyokuwa napita uani kwetu nikiwa mdogo, shuka linanigusa uso, wewe nakusikia tu upande wa pili unaimba vibaya. Na kwenye mashuka ni alama za mtaa wetu wote.

Mimi nakumbuka tano tu. Nitajie zote unazokumbuka, na Kinyozi anichoree. Haraka, tafadhali!

Mjukuu wako,
Kidole


Tarehe 15 Machi

Kidole wewe,

Sisi wazima, kuku ametotoa saba, mjomba wako ameumwa jino akalia kama mtoto, lakini sasa limeng'olewa na ametulia. Hayo ndiyo ya nyumbani. Tuje kwenye shughuli.

Ati maandishi! Kinyozi aliposoma pale, nilisimama. Nilisahau goti. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia kwa sauti, yule wa mlangoni hajasikia. Miaka yote hiyo wateja wakiniuliza nimesomea wapi, nawajibu nimesomea kwenye beseni, wanacheka. Leo mwalimu wa chuo amesema. Mpe salamu zangu, na umwambie hiyo miwani anayoivua na kuivaa itakatika masikio.

Nilivyoanza ni hivi. Mwanzo nilikuwa na nyumba tatu, nazikumbuka kichwani. Zilipofika kumi na moja, nikampelekea mke wa mchinjaji suruali ya mwalimu mkuu. Mchinjaji akaiona kitandani imekunjwa vizuri. Nilikwenda kueleza mimi mwenyewe, na beseni langu kama shahidi, ndipo kisu kikarudi mezani. Siku hiyohiyo nikachukua sindano.

Sikuandika majina, nilishona jinsi mtu alivyo. Mwalimu mkuu, miduara miwili, ile miwani yake. Mke wa mchinjaji, mstari wa kwenda juu na chini, juu na chini, kama ulimi wake. Mpiga chapa wa kona, kijiti kimoja kirefu, alikuwa mrefu mpaka mlango ulimwogopa. Muuza mafuta ya taa, tone moja. Fundi seremala, meno ya msumeno. (Huyo ni marehemu baba yangu. Kinyozi.) Mkewe, kitanzi.

Kinyozi ananiuliza alama yake yeye alipokuwa mdogo ilikuwa ipi. Nimemwambia watoto hawakuwa na alama, walifuliwa pamoja na wazazi wao. (Basi. Nimeandika.)

Halafu chini ya mtu unashona kazi. Nundu, hiyo ni wanga. Mistari miwili imepishana, usikamue. Na mwisho kabisa, nguo ikishakauka, unapitisha uzi mwekundu chini ya vyote, mstari mmoja: imekauka, irudi kwao. Huo ndio niliupenda kuliko vyote. Mchana kutwa unagombana na mawingu, lakini ukishapitisha uzi mwekundu, moyo unakaa chini.

Nyingine amekuchorea Kinyozi kwenye karatasi ya pili. Mkono wake ni wa kunyoa, si wa kuchora, mchoro unaofanana na mbuzi ni kiti cha mshona viatu.

Na nisikilize kuhusu rangi. Shuka jipya lina gundi ya kiwandani. Lifue mara mbili kabla hujalitia kitu, la sivyo rangi haishiki. Chumvi na siki kwenye maji baridi. Anika kivulini. Pasi upande wa nyuma. Usinipuuze.

Bi Povu, mwandishi


Tarehe 20 Aprili

Bibi mwandishi,

Shikamoo. Hongera ya vifaranga, pole kwa mjomba na jino. Nisamehe kwa kuchelewa, mikono yangu ni ya buluu mpaka kwenye viwiko na kalamu inateleza.

Nilikupuuza. Shuka la kwanza sikulifua mara mbili. Niliona ni jeupe, linahitaji usafi gani tena? Nikapiga alama sabini, siku nzima, nikalisuuza, na zote zikatoka nikiziona, maji yakawa kama wino na shuka likabaki rangi ya chai iliyolala. Nilikaa sakafuni nikalia. Kisha nikacheka, kwa sababu nilikusikia kabisa sikioni: "Si nilikuambia?"

Sasa nafuata kila neno. Alama nazichonga kwenye soli za kandambili kuukuu, nachovya kwenye rangi, nagonga. Soli ya kandambili inachongeka kama sabuni! Hosteli nzima wanatembea peku wanaulizana viatu vyao viko wapi, na mimi naulizana nao. Mashuka manane yamekamilika. La mwalimu mkuu linakutazama kutoka kila upande. La mke wa mchinjaji ukilitazama sana unasikia kelele.

Lakini subiri nikuambie la tisa, la katikati. Unakumbuka kile kishuka kilichochakaa ulichokuwa unatandika kwenye meza ya pasi? Nilikichukua nije kufungia brashi zangu. Kwenye kona kina alama ambayo haimo kwenye orodha yako. Ni ndoano ndogo iliyofunguka, na nukta tatu chini yake. Nimekuchorea hapa pembeni. Bibi, ndiyo nzuri kuliko zote! Imeinama kama sikio linalosikiliza kitu. Nimeipiga peke yake kwenye shuka lote, mara mia mbili na kumi na mbili, ndogo mpaka kubwa. Mwalimu alipoliona alipiga makofi, mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kuna nini. Amesema kazi yote imesimama juu ya shuka hilo, na anataka alama hiyo ichapwe kwenye kadi za mwaliko.

Ni ya nani? Niambie haraka, nataka kuweka maelezo ukutani.

Kidole wako wa buluu


Tarehe 29 Aprili

Kidole,

Sisi wazima.

Hiyo ya ndoano itoe. Shuka lote litoe, weka jingine. Isichapwe kwenye kadi, na isiandikwe ukutani ni ya nani. Usiniulize.

Mengine yote mazuri. Nimefurahi ya kandambili.

Bibi yako

(Kidole, shikamoo zako zimefika. Sijawahi kumwandikia barua fupi namna hii. Hata benchi limeshangaa. Niliposoma habari za ndoano, wembe wangu ulikuwa na kutu kidogo, nikatoka nje kuunoa, niliporudi nimekuta ameshaweka uso wa mawe. Nimemuuliza, amesema ninyoe watu. Kinyozi.)


Tarehe 10 Mei

Bibi,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea. Mimi mzima, ila nimekasirika, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hasira ikifichwa inaacha doa.

Siwezi kulitoa. Rangi imeisha, mashuka yameisha, muda umebaki wiki saba. Nikiliondoa shuka la katikati, kazi inabaki na tundu mahali pa moyo. Mwalimu amesema wazi: bila hilo, mengine ni orodha tu, na orodha haitanivusha. Nitarudia mwaka bila kitanda. Unataka hivyo?

Na wewe hunipi hata sababu. Ulisema nigeuze vitu, nitazame ndani. Nimegeuza, nimeona, sasa unaniambia nifumbe macho. Je, ni ya mtu aliyekukosea? Ni ya marehemu? Ni jambo la aibu kwako? Kama ni la aibu kwako, niambie hivyo tu, nitalichana leo hii kwa mikono yangu miwili na sitauliza tena.

Lakini kama si hivyo, siitoi mpaka nijue.

Kidole


Tarehe 31 Mei

Kidole, mkaidi, mtoto wa mkaidi, mjukuu wa mkaidi,

Hatujambo. Vifaranga wamebaki watano, mwewe amechukua haki yake. Nimechelewa kwa sababu macho yangu na tundu la sindano siku hizi hawasalimiani.

Si aibu yangu. Nakutumia kitambaa cha kufungia vijiko. Kifungue ukiwa peke yako.

Usinijibu kuhusu vijiko.

Bi Povu

(Kitambaa amenipa nikupelekee posta kikiwa kimekunjwa na kushonwa pande zote nne, kama mdomo wa gunia. Vijiko gani hivyo? Mimi sijui, nasema tu umepata. Kinyozi.)


Tarehe 11 Juni

Dada Muuguzi wa zahanati, habari za kazi. Mimi ni mjukuu wa Bi Povu. Samahani kwa kukusumbua. Naomba umsomee bibi yangu barua hii akiwa peke yake, mlango umefungwa. Asante sana.

Bibi, shikamoo.

Nimekifungua peke yangu. Nilikaa chini ya kamba zangu, nikafumua uzi wa pande zote nne, nikakitandaza magotini. Na nikakisoma, Bibi. Nilikisoma kuanzia kushoto, neno kwa neno, bila mtu kunisaidia. Kama nimekosea popote, nisahihishe.

Kwanza meno ya msumeno, na juu yake mkono uliokunjwa ngumi. Seremala alikuwa anapiga.

Kisha ndoano, na nukta tatu. Mtoto wa seremala, na matone. Alikuwa akilowesha kitanda.

Kisha kitanzi, na ndani ya kitanzi ile ndoano imefichwa. Mama yake alikuwa akikuletea kile kishuka ndani ya nguo zake mwenyewe, baba asijue.

Kisha alama yako, povu, na mdomo umeshonwa nyuzi tatu.

Kisha ndoano kwa mara ya mwisho, haina tena nukta. Na karibu yake alama mpya ambayo hukuwahi kunionyesha: mkasi. Umevifunga pamoja kwa uzi mmoja.

Huyo mkasi tunamjua mimi na wewe. Dada Muuguzi hana haja ya kumjua.

Nililia, Bibi, halafu nikacheka kwa kilio hichohicho. Kumbe nimegonga mia mbili na kumi na mbili! Kumbe nilikuwa nakutumia barua mikononi mwa mwenyewe, na mchoro pembeni! Na wewe umekaa pale, benchi limejaa, unatafuta neno la kunizuia ambalo halitamgusa. Nisamehe kwa ile barua yangu ya Mei.

Nilikwenda kwa mwalimu nikamwambia kadi hazitakuwa na ndoano. Aliuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba maandishi mengine si ya kutumwa posta. Alivua miwani, akaivaa, akasema sawa, tuchape kiduara chako na kidole.

Lakini shuka sijalitoa, na usikasirike mpaka umalize kusikiliza. Nimenunua uzi mwekundu. Chini ya kila ndoano, na nukta zake tatu, napitisha mstari mmoja kwa mkono, kwa sindano, kama ulivyokuwa unafanya. Yote mia mbili na kumi na mbili. Nimefika mia na tisa na vidole vina matundu. Ukutani sitaandika ni ya nani. Nitaandika tu maneno yako: imekauka, irudi kwao.

Maonyesho ni tarehe 28. Njoo. Huwezi kusafiri peke yako na magoti hayo, kwa hiyo njoo naye. Najua unaogopa. Njoo naye hivyohivyo.

Kidole


Tarehe 5 Julai

Kidole, mke mwenzangu, mwanangu, kiburi changu,

Tumefika salama. Goti limevimba kama boga, na nasema livimbe tu, limefaidi. Vifaranga wako palepale. Mjomba wako tumemkuta ameunguza sufuria zote mbili.

Nilikuahidi kwamba nitasema yangu kwa barua, maana pale ukumbini nilikuwa na kelele moyoni na kelele masikioni. Haya sasa ndiyo ninayosema.

Nilipoingia nikaona mashuka tisa yamening'inia, upepo wa dirisha unayasogeza kidogo, nikasimama mlangoni. Nilidhani nimerudi uani kwangu nina miaka thelathini. Nikashika la kwanza, nikalinusa. Hukusuuza vizuri, la mpiga chapa bado lina siki. Nilikuwa nataka kulia, nikaona afadhali nikugombeze.

Halafu yule bwana mwenye tai akaja kuniuliza, "Mama, hii inasema nini?" Mimi! Mtu mwenye tai na kalamu mbili mfukoni! Nikamwambia, hii inasema huyu alikuwa mrefu, na shati lake lisikamuliwe. Akamwita mwenzake. Mwenzake akaita wengine. Nimewasomea saa tatu, Kidole. Watu wa digrii wamejipanga nyuma yangu kama bata, nami nawasomea shuka kwa shuka, na kila nikimaliza wanasema tena. Mwalimu wako alinibebea kiti kutoka shuka hadi shuka. Nilimwambia kuhusu miwani, amesema ataifunga kamba.

Na nilisikia alivyotangaza kwamba umefaulu, na kwamba kazi inabaki chuoni mwaka mzima. Nilipiga kigelegele. Najua ulijificha nyuma ya mke wa mchinjaji kwa aibu. Nitapiga kingine ukichukua cheti, jiandae.

Kuhusu la katikati. Nilifika hapo mwisho. Kinyozi alikuwa ameshatangulia, amesimama mikono nyuma, analitazama kutoka juu hadi chini. Nikajisemea, leo ndiyo leo. Kisha akaniuliza, "Bibi, huu mstari mwekundu maana yake nini?" Nikamwambia, imekauka, irudi kwao. Akasema, "Mhm. Hii ndiyo nimeipenda." Basi! Akaenda kutafuta chai.

Na ukitaka kucheka, sikia: tangu juzi amepanda ngazi anachora alama hiyohiyo juu ya mlango wa kibanda chake, ati iwe ndiyo nembo ya duka. Benchi wanamuuliza ni nini, anasema ni sanaa, nyinyi hamuelewi. Anaandika haya sasa hivi huku anatabasamu, hajui hata anatabasamu nini. Nimemwambia ni alama ya mtu msafi. Si nimesema kweli?

Pumzika sasa. Kula. Rudisha kandambili za watu.

Bibi yako, Bi Povu, msomaji

(Kidole, hapa Bibi anadhani naandika anwani. Amesogea mlangoni anabishana na fundi baiskeli.

Ile ndoano naijua. Niliilalia mpaka nilipofika miaka kumi na moja, na nilikuwa naipapasa kwa kidole gumba nikiomba asubuhi nikute pakavu. Ulipoichora kwenye barua ya Aprili niliitambua kabla sijafungua mdomo. Wembe haukuwa na kutu. Nilitoka nje, nikarudi, nikangoja nisikie atasema nini. Watu wanne kwenye benchi, mmoja kitini. Neno moja tu lingetosha, wangecheka mpaka leo. Akasema toa, usiniulize. Alikuwa tayari wewe umkasirikie.

Siku zote nilidhani mama yangu ndiye aliyekuwa akinifulia.

Usimwambie kwamba najua. Miaka thelathini na tano amenitunzia, sasa ni zamu yangu kumtunzia yeye. Mlangoni nimechora ndoano na nukta zote tatu kwa rangi nyeusi, na mstari chini kwa nyekundu. Nyekundu nimeipaka mara mbili, isichuje.)